Jengo la Umma Huanza na Mtumiaji: Somo la Soko la Kariakoo kwa Wakazi wa Elwak

Makala haya ya elimu kwa umma yameandaliwa ili yasomwe barazani, darasani na katika vikundi vya wafanyabiashara. Yanaeleza jinsi msanifu mmajengo wa Afrika Mashariki alivyolitumia zege kujenga soko linalowakinga watu jua, kupitisha hewa na kuvuna mvua. Kisha yanaonyesha maswali ambayo mkazi wa Elwak anaweza kuuliza kabla jengo lolote la umma halijaanza kujengwa.

Jengo lililo mfukoni

Mfugaji anayeuza mbuzi katika soko la mifugo la Elwak hurudi nyumbani akiwa na picha ya jengo la zege mfukoni. Noti za Kenya zilizotolewa mwaka 2019 zina picha ya Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC, lililoko Nairobi. Lilijengwa kati ya mwaka 1967 na 1973. Lina ghorofa 28 na urefu wa karibu mita 105. Waliolisanifu ni David Mutiso, aliyekuwa msanifu mkuu wa serikali, na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway.

KICC lilianza kama mpango wa makao makuu ya chama tawala cha wakati huo, KANU. Mpango huo ukapanuka kadiri ujenzi ulivyoendelea, na mwaka 1973 jumba hilo likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Liliwaonyesha wageni kwamba nchi iliyopata uhuru miaka kumi tu kabla inaweza kujenga jambo kubwa. Hiyo ni kazi moja ya jengo la umma: kulipa taifa sura.

Lakini watu wengi hawahitaji jengo la umma kwa ajili ya mkutano wa mabenki. Wanalihitaji ili wauze maziwa, wanunue vitunguu, wamtibu mtoto au wapate cheti cha kuzaliwa. Jengo la namna hiyo halipimwi kwa urefu wake. Linapimwa kwa yale anayoyapata mama aliyekuja na dumu la maziwa ya ngamia saa kumi na mbili asubuhi, anayepaswa kukaa hapo mpaka liishe. Kwa kazi hiyo, mfano mzuri zaidi katika Afrika Mashariki uko Dar es Salaam, Tanzania.

Kariakoo: jina na mahali

Wakazi wa Elwak waliowahi kufika Nairobi wanaijua Kariokor, karibu na Pumwani na Eastleigh. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zina asili moja. Majina yote mawili yametoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia kubeba chakula na risasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi kutoka Kenya, Tanganyika na kwingineko walichukuliwa kwa kazi hiyo, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu.

Dar es Salaam, Waingereza walipoingia mwaka 1916, waliweka wapagazi katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi. Baada ya vita ukumbi huo ukawa soko, na mtaa uliouzunguka ukawa mtaa wa Waafrika. Kufikia uhuru mwaka 1961 mji ulikuwa umekua na soko lile la zamani lilikuwa limezidiwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka siasa ya Ujamaa na kujitegemea. Serikali ikataka soko kuu litakalowafikishia wananchi wa kawaida chakula kwa utaratibu na usafi. Saruji nayo ilikuwa karibu, kwa kuwa kiwanda cha Wazo, nje kidogo ya Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Kenya ilikuwa na saruji ya Bamburi tangu mwaka 1954. Hii ni sababu mojawapo ya majengo mengi ya miaka ya uhuru kuwa ya zege, ambalo mafundi wengi huliita konkriti. Mchanga, kokoto na saruji vilipatikana nchini, na kazi yake iliwahitaji vibarua wengi.

Msanifu na swali lake

Kazi ya kusanifu soko jipya ilipewa Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu katika chuo cha Technion, Haifa, nchini Israel. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu usanifu majengo, na alifungua ofisi yake mwenyewe wakati ambapo kazi nyingi za namna hiyo zilikuwa mikononi mwa wageni.

Amuli alijifunza usanifu wa kisasa wa karne ya 20. Kanuni yake kuu ni kwamba sura ya jengo itokane na kazi yake. Mapambo yasiyo na kazi yanaachwa, na zege linaonekana kama lilivyo. Katika nchi za baridi kanuni hiyo ilileta majengo ya vioo vikubwa vya kuingiza jua. Anayeyanakili majengo hayo katika nchi ya joto hujenga tanuri. Msanifu wa nchi ya joto anapaswa kuanza na swali jingine: watu wa hapa hukaa wapi wanapofanya kazi hii?

Jibu linajulikana Kariakoo kama linavyojulikana Elwak. Soko la Kiafrika huanzia chini ya mti. Muuzaji hutafuta kivuli na hewa, na mahali ambapo mnunuzi anaweza kumwona na kumfikia. Hahitaji ukuta, na mara nyingi ukuta humzuia.

Kina mama wa jamii za wafugaji wamelijua somo hilo kwa vizazi vingi. Nyumba ya aqal, ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, hukinga jua na kuruhusu upepo kupita. Hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia na kujengwa tena kwingine. Kila sehemu yake ina kazi. Aliyeibuni hakuanza na sura aliyoiona kitabuni. Alianza na maisha ya watu watakaolala ndani yake.

Miavuli ya zege

Soko la Kariakoo lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufunguliwa rasmi na Rais Julius Nyerere mwaka 1975. Anayelitazama kwa mbali huona kwanza paa lake. Ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo ndefu. Miavuli hiyo imegeuzwa: badala ya kuinama pembeni, imeinuka pembeni na kuzama katikati, kama faneli ya kumiminia mafuta. Msanifu Félix Candela alikuwa ameijenga miavuli ya zege ya aina hii nchini Mexico katika miaka ya 1950, kwa maghala na masoko, kwa sababu zege jembamba lililopindwa vizuri hubeba uzito mkubwa kwa saruji kidogo. Kariakoo, mbinu hiyo ilipewa kazi zaidi ya moja.

Kwanza, miavuli hutoa kivuli kipana bila kuta. Nguzo ni chache, hivyo watu na mizigo hupita kwa urahisi.

Pili, miavuli iko juu sana. Hewa yenye joto hupanda na kutoka, na hewa ya nje huingia kupitia pande zilizo wazi. Samaki, mboga na watu hupata hewa bila mashine na bila bili ya umeme.

Tatu, mvua inayonyesha juu ya mwavuli haimwagiki juu ya watu walioko pembeni. Hukusanyika katikati, hushuka kwa njia ya nguzo na kuhifadhiwa katika matangi yaliyoko chini ya jengo. Paa moja linakuwa kivuli, feni na mtego wa maji.

Chini ya paa hilo kuna ngazi tatu. Ya chini kabisa, inayoitwa shimoni, ilitengwa kwa biashara ya jumla, na magari hushuka huko kuteremsha mizigo ili malori yasigongane na wanunuzi. Ya katikati, iliyo sawa na mtaa, ni ya rejareja. Ya juu ina maduka na ofisi. Kando ya jengo kubwa kulikuwa na soko dogo lililo wazi, kwa wale ambao biashara yao haihitaji jengo refu.

Uendeshaji nao ulipangwa mapema. Mwaka 1974, kabla ya ufunguzi rasmi, sheria iliunda Shirika la Masoko ya Kariakoo ili kuliendesha soko hilo. Lilipofunguliwa, tayari kulikuwa na mwenye wajibu wa kufagia, kutoza ushuru, kugawa vizimba na kutengeneza kilichoharibika.

Elwak: kisima, berkadi na paa

Jina Elwak limetokana na maneno mawili: ceel, yaani kisima kwa Kisomali, na Waaq, jina la kale la Mungu katika jamii za Kikushi. Mji ulikua kwa sababu ya visima. Leo uko kwenye barabara kuu inayounganisha Isiolo, Wajir na Mandera, na barabara hiyo inapozidi kuboreshwa, magari, bidhaa na watu huongezeka. Maji hayaongezeki kwa kasi hiyo.

Mvua katika kaunti ni kidogo, takribani milimita 250 kwa mwaka, na hunyesha katika misimu miwili: Gu, kati ya Machi na Mei, na Deyr, kati ya Oktoba na Desemba. Wakazi wanaijua berkadi, tangi la kuchimbwa ardhini na kujengewa, linalopokea maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi. Soko la Kariakoo, kwa upande mmoja, ni jengo lenye berkadi chini yake. Tofauti ni kwamba maji yake hutoka kwenye paa na hayapiti kwenye kinyesi cha mifugo.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mwananchi anaweza kuifanya. Mvua ya milimita 1 inayonyesha juu ya paa la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji.

Chukua mfano wa banda la soko lenye paa la mita 20 kwa mita 30. Eneo lake ni mita za mraba 600. Mvua ya milimita 250 kwa mwaka huleta juu yake lita 150,000. Sehemu moja kati ya tano ikipotea kwa mvuke, kumwagika na maji ya kwanza ya kuosha vumbi, zitabaki lita 120,000. Hayo ni madumu 6,000 ya lita 20.

Kama nusu ya mvua hiyo itanyesha katika msimu mmoja, tangi litahitaji kubeba lita 60,000. Tangi la mita 5 kwa mita 4, lenye kina cha mita 3, linatosha. Maji hayo yakitumika kwa siku 150 mpaka msimu unaofuata, ni lita 400 kwa siku, sawa na madumu 20: ya kunawa mikono, kuosha meza za nyama na kusafisha vyoo.

Madumu 20 kwa siku hayamalizi kiu ya mji. Misimu mitano ya mvua ilikosa kufanikiwa mfululizo kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022, na hakuna paa linaloweza kuvuna mvua isiyonyesha. Lakini soko lenye madumu 20 ni tofauti na soko ambalo vyoo vyake vimefungwa kwa kukosa maji. Vyoo vikifungwa, wa kwanza kuumia ni wanawake wanaokaa sokoni kutwa.

Mvua pia huja kwa kishindo. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikumba Kaunti ya Mandera muda mfupi baada ya ukame huo. Kwa hiyo kila jengo la umma lipimwe kwa mambo mawili: linahifadhi maji kiasi gani, na maji yanayozidi yanaelekezwa wapi. Paa lisilo na mifereji humimina maji kwenye msingi wake na kwenye kibanda cha jirani.

Zege katika ardhi yenye jasi

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Likiwekewa vyuma ndani, huweza kubeba mzigo wa kulikandamiza na pia wa kulivuta. Linadumu miaka mingi likitengenezwa vizuri. Likitengenezwa vibaya huonekana sawa siku ya ufunguzi, na ubovu hujitokeza baadaye. Elwak kuna mambo manne yanayohitaji uangalifu.

*Ardhi.* Eneo la Elwak lina akiba kubwa ya jasi, yale mawe laini meupe yanayotengenezewa plasta ya ukutani. Jasi kidogo husagwa pamoja na saruji kiwandani ili isigande upesi mno. Lakini jasi iliyoko ardhini ikiyeyuka katika maji, chumvi yake ya salfeti huingia ndani ya zege lililokwisha kukauka. Humo hutengeneza fuwele zinazovimba na kulipasua. Msingi, nguzo za chini na tangi la ardhini ndivyo huumia kwanza. Dawa yake ni kupima udongo kabla ya kuchora, kutumia saruji inayostahimili salfeti pale inapohitajika, na kutengeneza zege zito lisilo na maji mengi.

*Maji.* Maji ya chumvi hayafai kuchanganyia zege lenye vyuma, kwa sababu chumvi huviozesha vyuma. Chuma kikipata kutu huvimba na kulibandua zege kutoka ndani. Ikiwa kisima kilicho karibu kina maji ya chumvi, maji ya ujenzi yaletwe kutoka kwingine, na gharama hiyo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Mchanga wa laga nao uwe safi, bila udongo wala chumvi.

*Joto.* Zege halikauki kama nguo. Hugandamana kwa sababu saruji hunywa maji. Jua kali likiyanyonya maji hayo mapema, zege hubaki dhaifu na lenye nyufa. Kwa hiyo, katika joto la Elwak inafaa kumwaga zege asubuhi na mapema au jioni, kulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa au karatasi ya nailoni, na kulimwagilia kwa siku 7 au zaidi. Fundi anayeongeza maji kwenye mchanganyiko ili kazi iwe nyepesi anapunguza nguvu ya jengo zima.

*Upimaji.* Wakati wa kumwaga zege, wahandisi huchukua sampuli katika vibweta vya milimita 150 kila upande. Vipande hivyo hukandamizwa kwenye maabara baada ya siku 7 na siku 28 ili kujua nguvu yake. Matokeo huandikwa. Mwananchi asiye mhandisi hawezi kusoma mchoro wote, lakini anaweza kuuliza kama vipande vilipimwa na vilipata nguvu inayotakiwa na mkataba.

Jengo jema nalo huchoka

Kariakoo halikukosa matatizo. Mji wa Dar es Salaam ulikua kuliko ilivyotazamiwa, na biashara ikafurika hadi mitaani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kubwa liliungua moto, na wafanyabiashara wakapoteza mali. Baadaye serikali ya Tanzania ilianza kulikarabati jengo la zamani na kujenga jengo jingine jipya kando yake.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba jengo lililojengwa kwa uimara linaweza kukarabatiwa badala ya kuanza upya, na gharama ya uimara hujilipa siku ya maafa. La pili ni kwamba zege haliungui kama mbao, lakini soko si zege pekee. Ni maturubai, magunia, mafuta ya taa na nyaya za umeme. Njia za kupita zikijazwa bidhaa na nyaya zikiunganishwa ovyo, usanifu mzuri hauwezi kuwaokoa watu. Vifaa vya kuzimia moto, maji ya akiba, njia zilizo wazi na mkaguzi anayekuja kwa ratiba ni sehemu ya jengo kama zilivyo nguzo.

Tangi la maji nalo ni hivyo hivyo. Lisiposafishwa kabla ya msimu wa mvua, lisipofunikwa na kufungwa, huwa makazi ya mbu na hatari kwa watoto. Anayependekeza tangi apendekeze pia mtu wa kulitunza na fungu la kumlipa.

Haki ya kuuliza

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, masoko na kazi za umma za kaunti ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kama mojawapo ya maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu wake. Kifungu cha 43 kinataja haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma bila vizuizi visivyo vya lazima. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaruhusu wananchi kuwasilisha maombi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake.

Haki hizi zina nguvu zaidi mapema. Mradi ukiwa bado kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti au kwenye makadirio ya bajeti, mlango unaweza kuhamishwa kwa kalamu. Zege likishamwagwa, utahitaji nyundo kuuhamisha, na fedha za pili.

Hapo ndipo muuza maziwa, mchinjaji, mwenye mkokoteni wa punda na dereva wa lori wanahitajika kuliko mtu mwingine yeyote. Msanifu anajua uzito ambao nguzo inaweza kubeba. Hajui kwamba maziwa hufika kabla ya mapambazuko, kwamba upepo wa mchana huleta vumbi kutoka upande fulani, au kwamba mbuzi hukataa kupanda kwenye lori kama njia ni ya mwinuko mkali. Asipoambiwa, atakisia, na jengo litasimama zuri huku biashara ikiendelea nje yake, juani.

Maswali kumi ya kubeba barazani

Mwananchi anayehudhuria kikao cha ushirikishwaji wa umma kuhusu soko, zahanati, shule au ofisi ya wadi anaweza kuuliza:

1. Nani hasa watalitumia jengo hili, na ni wangapi kati yao walioulizwa kabla ya mchoro?
2. Saa nane mchana, kivuli kitaangukia wapi? Muuzaji atakuwa ndani yake au nje?
3. Hewa itaingia upande gani na kutoka upande gani umeme ukikatika?
4. Paa lina mita za mraba ngapi, na tangi litahifadhi lita ngapi?
5. Maji ya mafuriko yataelekezwa wapi?
6. Udongo umepimwa jasi na chumvi? Maji ya kuchanganyia zege yatatoka wapi?
7. Malori, mikokoteni na mifugo vitapita njia gani bila kugongana na watu?
8. Mtu mwenye kiti cha magurudumu, mzee na mama mwenye mtoto mgongoni watafika kila sehemu?
9. Vyoo vya wanawake viko wapi, ni vingapi, na vitapata maji kutoka wapi?
10. Nani atalitunza jengo baada ya ufunguzi, na fedha zake zimo kwenye bajeti ya mwaka gani?

Swali lisilojibiwa liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na jina la ofisi inayopaswa kulijibu na tarehe ya kurudi na majibu.

Zoezi la kikundi

Walimu na viongozi wa vikundi wanaweza kulitumia somo hili hivi. Chagueni jengo moja la umma lililo karibu. Pimeni urefu na upana wa paa lake kwa hatua au kamba. Fanyeni hesabu ya maji kwa mvua ya milimita 250, mkiondoa sehemu moja kati ya tano. Kisha kaeni hapo saa nane mchana na mwandike watu wamekaa wapi: ndani ya jengo, kwenye kivuli cha ukuta wake, au chini ya mti ulio kando.

Ikiwa wengi wako chini ya mti, chunguzeni mti huo unawapa kitu gani ambacho jengo haliwapi. Jibu hilo ndilo la kwanza kumpelekea msanifu wa jengo linalofuata.